Mtoto hajawahi kunywa dawa, usugu kautoa wapi? Daktari wa watoto anajibu

Toleo lililopita tuligusia kwa kifupi tu habari ya bakteria wanaoingia kwenye damu ya mtoto na dawa zinazogoma kuwaua, yani usugu, basi maswali yakamiminika. Mengi yanafanana kwahiyo tumechagua machache, na mengine tumeyaunganisha. Anajibu daktari wetu wa watoto.

SWALI: Shikamoo daktari. Nilijifungua kabla ya wakati, mtoto njiti, akabaki chumba cha watoto wachanga. Siku ya sita akaacha kunyonya, mwili ukawa wa baridi, wakamwanzishia sindano mbili, hakuna nafuu. Baadae majibu ya damu yakaja wakasema bakteria ni sugu, wakabadilisha dawa. Namshukuru Mungu tulitoka wote wazima. Ila mpaka leo sielewi, mtoto wa siku sita hajawahi kunywa dawa yoyote, huo usugu kautoa wapi? Ndugu wanasema ni mimi nilikunywa dawa nyingi nikiwa mjamzito. (Mama wa njiti)

JIBU: Marahaba mama, pole sana na hongera kwa kutoka na mwanao. Nianze na hao ndugu maana naona ndo wanakuumiza kuliko ugonjwa wenyewe: waambie daktari kasema wakuache. Anayekuwa sugu sio mtoto wala sio wewe, ni bakteria, na bakteria yule alishakuwa sugu kabla mwanao hajazaliwa, inawezekana miaka mingi kabla. Alichofanya ni kumpata mtoto ambaye ngozi yake bado laini, utumbo bado mchanga, kinga bado haijakomaa, alafu ana kanula (kibomba kidogo cha kupitishia dawa) kwenye mshipa na mpira wa kumlishia puani, yani milango imefunguliwa kila upande.

Mtoto akiugua ndani ya siku mbili tatu za mwanzo mara nyingi tunafikiria bakteria waliotoka njia ya uzazi. Wako kaugua siku ya sita akiwa wodini, hapo mimi nafikiria zaidi mazingira ya hospitali. Kuna bakteria anaitwa klebsiela, huyu ndo anatusumbua zaidi kwa watoto wachanga kwenye hospitali zenye uhaba wa vifaa, anakaa kwenye sinki, kwenye mashine ya kunyonya makohozi, kwenye mikono yetu sisi wahudumu, kwenye chupa ya dawa iliyofunguliwa ikatumika kwa watoto wanne watano. Kuna utafiti mkubwa ulifuatilia watoto wachanga zaidi ya 3,200 waliodhaniwa kuwa na maambukizi ya damu, hospitali 19 kwenye nchi 11, kati ya 2018 na 2020, na klebsiela ndo alionekana zaidi kwenye damu zao. Na cha kusikitisha, madaktari wa hospitali hizo walikuwa wanatumia michanganyiko tofauti ya antibayotiki, yani dawa za kuua bakteria, zaidi ya 200! Mtu hafiki huko kwa kupenda, anafika kwa sababu dawa alizozizoea hazimpi majibu na kila mtu anajaribu anachokiona kinafaa.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba bakteria wanapeana usugu. Ndani yao kuna kipande kidogo cha vinasaba kinachobeba maelekezo ya kuivunja dawa, na kipande hicho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata wa aina nyingine kabisa. Kwahiyo klebsiela anaweza kuupata usugu kwa E. koli, bakteria mwingine wa tumboni, bila yeye kukutana na dawa yenyewe hata siku moja. Sasa hapo ujauzito wako unaingilia wapi? Dawa uliyopewa kliniki kwa sababu ulikuwa unaumwa ilikuwa ya kukulinda wewe na yeye. Endelea kumnyonyesha maziwa yako, kwa njiti hiyo ni kinga kubwa kuliko nyingi tunazoweza kumpa sisi.

SWALI: Daktari mimi nina hasira kidogo. Mwanangu ana mwaka mmoja, tulilazwa, wakamtoa damu nyingi tu kwenye mkono, mtoto analia, wakasema majibu ni baada ya siku tatu. Dawa wakaanza saa ile ile! Sasa kama dawa umeshaanza hiyo damu ya nini? Na mwisho wa siku majibu yakaja hakuna kitu. Naona kama tuliliwa hela tu. (Baba mwenye hasira)

JIBU: Kaka hasira yako naielewa, na kosa kubwa hapo ni kwamba hakuna aliyekaa na wewe dakika tano akakueleza. Acha nikueleze mimi.

Mtoto mwenye bakteria kwenye damu hana muda wa kusubiri, hali inaweza kubadilika ndani ya masaa. Kwahiyo daktari anaanza dawa kwa kukisia, anaangalia umri, dalili, anajua bakteria gani wanapatikana zaidi eneo lile, anachagua. Huko ni kukisia kwa elimu lakini bado ni kukisia. Ile damu iliyotolewa KABLA ya dawa ndo kitu pekee kitakachokuja kusema kama alikisia vizuri. Ukitoa damu baada ya dozi ya kwanza unaweza ukawa umeshaua bakteria wa kutosha wasiote maabara, ila wasiishe mwilini, na hapo umepoteza ushahidi.

Kwanini damu nyingi? Kwa sababu bakteria kwenye damu wanaweza kuwa wachache mno, pengine mililita nzima ina mmoja au hana kabisa, kwahiyo ukichukua tone moja unaweza kuwakosa wote. Mtoto mdogo tunamchukua mililita moja hadi tatu hivi, mkubwa zaidi tunaongeza kulingana na uzito. Damu inaingia kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, inawekwa kwenye joto la nyuzi 37 kama la mwili, tunasubiri waote. Wakiota wanaangaliwa kwenye darubini kwanza, na hapo tayari maabara wanaweza kupiga simu wodini kusema ni jamii gani, alafu wanapandwa kwenye sahani, wanawekewa vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, kesho yake unaangalia ni dawa ipi imewazuia na ipi wameota mpaka pembeni yake. Ndo maana ya siku mbili, tatu, hata nne. Hamna wa kumlaumu hapo, bakteria anaota kwa muda wake.

Na hilo la "hakuna kitu". Kutoota hakumaanishi moja kwa moja hakukuwa na bakteria, kipimo hiki kinawakosa wengi, hasa damu ikiwa kidogo au mtoto akiwa ameshakunywa antibayotiki nyumbani. Ila kama mtoto kapata nafuu mapema na chupa haijaotesha kitu kwa masaa 48, daktari anaweza kusimamisha sindano mapema badala ya kuendelea wiki nzima bila sababu, na hiyo kwangu ni faida kubwa. Upande wa pili kuna damu inayootesha bakteria wa kwenye ngozi tu kwa sababu aliyetoa hakusafisha vizuri, mtoto anaishia kupewa dawa kali asizozihitaji. Kwahiyo ukiona nesi anasugua ngozi na kusubiri ikauke kabla ya kuchoma usimharakishe, hapo anafanya kazi ya maana sana.

Binafsi nasema wazi, hospitali inayolaza watoto mahututi ikiwa na dawa kali zote ila haina uwezo wa kuotesha damu, naiona imenunua vitu kwa mpangilio usio sahihi. Na wazazi mna haki ya kuuliza kwa upole tu, "daktari, damu ya kuotesha imeshachukuliwa?"

SWALI: Mtoto wa kaka yangu alipimwa akakutwa na malaria, lakini daktari akaandika na antibayotiki juu. Si ndo matumizi mabaya ya dawa hayo mnayopigia kelele? (Shangazi)

JIBU: Shangazi swali zuri sana, na jibu ni inategemea alivyokuwa. Malaria ya kawaida, mtoto anacheza, anakula, hapana, haihitaji antibayotiki. Lakini malaria kali, hasa yenye upungufu mkubwa wa damu, au mtoto ana utapiamlo, hapo bakteria wanaweza kuwemo pamoja na malaria. Kuna salmonela fulani, sio ule wa taifodi mnaoujua, kwa mtu mzima mwenye afya unaishia kuharisha tu, ila kwa mtoto wa namna hii unaingia mpaka kwenye damu, na mara nyingi wala haharishi, ana homa tu. Malaria inapasua chembe nyekundu, na mabaki ya hizo chembe yanavuruga askari wa mwili wanaokula bakteria, na utumbo nao unavujisha. Ukipima malaria ukaikuta ukaridhika, unamkosa mwuaji wa pili.

Niwakumbushe utafiti uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, ukachapishwa 2007, ambao ulifuata watoto 1,828 waliolazwa. Wale waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu, yani kina klebsiela, E. koli, salmonela na wenzao, walifariki kama asilimia 43, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya vifo vya watoto waliokuwa na malaria. Na moja ya vitu vilivyobashiri kifo ni mtoto kupewa dawa ambayo bakteria wake ameshaizoea. Miaka mingi imepita tangu hapo na usugu haujapungua, kwahiyo mimi yule daktari wa mpwa wako simlaumu kama mtoto alikuwa mahututi. Nitamlaumu kama antibayotiki hiyo anamwandikia kila mwenye homa.

SWALI: Daktari, mimi ni nesi, zamu za usiku wodi ya watoto, tuko wawili kwa watoto zaidi ya thelathini. Maabara yetu haioteshi damu. Dawa tulizo nazo ni ampisilini, jentamisini na seftriaksoni, siku nyingine hata hizo zinakatika. Tunasikia kuna meropenemu huko hospitali kubwa. Sisi tufanye nini na usugu huu? Tumechoka kuona watoto wanaondoka. (Nesi wa zamu ya usiku)

JIBU: Dada (au kaka, hujasema), barua yako nimeisoma mara nyingi. Hapa nitaandika ndefu na msomaji asiye mhudumu anisamehe.

Kwanza usiamini kwamba dawa za zamani hazina kazi tena. Ampisilini pamoja na jentamisini bado ndo chaguo la kwanza la Shirika la Afya Duniani kwa mtoto mchanga mwenye dalili za maambukizi ya damu, na kuna watoto wengi zinawaokoa. Tatizo ni kwamba zinatolewa kwa kuchelewa, dozi ndogo kuliko uzito, au mtoto anaruka dozi ya usiku kwa sababu kanula imetoka na nesi yuko peke yake anahangaika na degedege kitanda cha pili. Dawa iliyorukwa mara mbili ukiitazama kesho yake asubuhi utasema bakteria sugu, kumbe mtoto hajapata dawa. Kabla ya kusema dawa imegoma, angalia chati, pima uzito upya, hesabu dozi. Jentamisini kutolewa mara moja kwa siku kunawapunguzia mzigo pia.

Seftriaksoni nina wasiwasi nayo. Imekuwa dawa ya kila kitu, homa seftriaksoni, kifua seftriaksoni, kidonda seftriaksoni, kwa sababu ni sindano moja kwa siku na ni rahisi. Lakini kila unapoitumia bila sababu unawapalilia wale bakteria wanaotengeneza kimeng'enya cha kuvunja dawa za jamii hiyo yote, na wakishatawala wodi dawa inayobaki ni hiyo meropenemu ambayo hamna. Tena kwa mtoto mchanga mwenye manjano au anayepewa kalsiamu kwenye mshipa seftriaksoni ina hatari zake za peke yake, hivyo mchanga sio wa kumwanzishia tu kwa mazoea. Shirika la Afya Duniani toka 2017 limegawa antibayotiki makundi matatu, za kutumika kawaida, za kuchunga na za akiba. Ampisilini na jentamisini ziko za kawaida, seftriaksoni na meropenemu zote ziko za kuchunga, kolistini iko akiba. Mwaka 2024 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na watu ziwe za lile kundi la kwanza. Makubaliano mazuri, ila yatabaki maandishi kama ampisilini yenyewe inakatika stoo! Kuishiwa dawa ya kawaida ndo kunamlazimisha daktari kurukia kali, na hili wakubwa wanaoagiza dawa inabidi waambiwe bila kuoneana aibu.

Sasa mnachoweza usiku huu huu bila kusubiri mtu. Mikono. Najua umesikia mpaka umechoka, lakini daktari mmoja, Semmelweis, alionyesha tangu 1847 kule Vienna kwamba kunawa mikono kunapunguza vifo vya wazazi wodini, na hakuna dawa iliyogunduliwa toka hapo iliyoondoa ulazima huo. Kama maji hayatoki, spiriti ya mikono iliyowekwa pembeni ya kila kitanda inafanya kazi vizuri, na wafamasia wanaweza kuichanganya hapo hapo hospitali kwa maelekezo ya Shirika la Afya. Chupa ya dawa ya kuchanganywa isifunguliwe ikazungushwa wodi nzima kutwa, na dripu moja isigawiwe watoto wengi. Kanula isiyotumika itolewe, kila siku mtu aulize hii bado inahitajika? Watoto wawili wasilale kitanda kimoja ikiwezekana, na najua mara nyingi haiwezekani, basi angalau mwenye maambukizi asichanganywe na njiti. Mama akae na njiti kifuani ngozi kwa ngozi, hiyo inapunguza maambukizi na vifo, na kwenu wawili kwa watoto thelathini mama ni mikono ya ziada.

Kuhusu maabara, hamuhitaji mashine kubwa kuanza. Hata mkipata utaratibu wa kupeleka chupa za damu hospitali ya rufaa kwa wale mahututi tu, baada ya mwaka mtakuwa na orodha inayoonyesha bakteria gani wanawaua watoto WENU na dawa ipi bado inawaweza. Daktari akiwa na karatasi hiyo ukutani anakisia vizuri zaidi hata usiku ambao hana kipimo chochote. Mkiona watoto watatu wanne wachanga wanaugua kwa wiki moja kwa namna ile ile, msiseme bahati mbaya, huo ni mlipuko, tafuteni sinki, tafuteni chupa, tafuteni kifaa wanachochangia.

Na hao watoto walioondoka, wengi sio wewe uliyewapoteza. Makadirio yaliyochapishwa 2022 yalisema usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo kama milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na mmoja kati ya kila watano hao alikuwa mtoto chini ya miaka mitano. Mzigo wa namna hiyo haubebwi na nesi wawili wa usiku.

SWALI: Mtoto akipata homa huwa nampa amoksilini iliyobaki ya kaka yake, siku mbili, akipoa naacha. Ni vibaya? (Mama wa wawili)

JIBU: Ndio mama, acha. Homa nyingi za watoto ni virusi, zinapoa zenyewe, kwahiyo unadhani amoksilini ndo imeponya. Watu wanasisitiza sana kumaliza dozi, sawa, fuata ulivyoandikiwa, lakini kwangu kosa kubwa zaidi ni kuianza dawa isiyohitajika. Na kama siku hiyo kweli ana bakteria kwenye damu, hizo dozi mbili zitaficha majibu ya maabara bila kumponya. Chini ya miezi miwili mtoto akiacha kunyonya vizuri, akiwa na homa ya 38 au zaidi, au akiwa wa baridi chini ya 35.5, akipumua haraka mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea, akipata degedege au akawa hajisogezi mpaka umguse, hapo sio nyumbani tena, ni hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Kwani wanasayansi hawatengenezi dawa mpya? (Mwanafunzi)

JIBU: Zipo chache, ila nyingi zinajaribiwa kwa watu wazima kwanza na watoto wanasubiri miaka, wachanga ndo wa mwisho kabisa. Kinachonipa moyo ni jaribio linaloitwa NeoSep1, limeanzia hospitali za Afrika Kusini na Kenya, linapima dawa za zamani ambazo hazikutumika sana kwa wachanga, fosfomisini na flomoksefu, pamoja na amikasini, kuona mchanganyiko upi unafaa pale ampisilini na jentamisini zinaposhindwa. Na usisahau chanjo, ya Hib na ya nimokoka (bakteria wanaoleta homa ya mapafu na ya uti wa mgongo) zimepunguza sana maambukizi haya. Mtoto ambaye hakuugua hakuhitaji dawa, wala hakumpa bakteria nafasi ya kuizoea.

SWALI: Binti yangu wa miaka miwili alitibiwa akapona, bakteria alikuwa sugu. Sasa nyumbani nimtenge na wenzake? Huyo bakteria bado yupo? (Baba wa binti)

JIBU: Usimtenge kabisa baba, acha acheze. Kwenye damu wameisha, ndo maana amepona. Kwenye utumbo wanaweza kubaki wiki au hata miezi wakiishi kimya bila kumdhuru, na antibayotiki za kuwafukuza humo hatutoi kwa sababu mara nyingi unafukuza wale wazuri wanaowabana. Nawa mikono na sabuni ukishambadilisha au kumsafisha chooni, na kabla ya kugusa chakula, inatosha.

Ila kuna kitu kimoja wazazi wengi wanakiacha hospitali: karatasi ya majibu ya kuotesha damu, yenye jina la bakteria na orodha ya dawa zilizomweza na zilizoshindwa. Rudi uombe nakala, ipige picha kwenye simu, na nyingine iweke ndani ya kadi ya kliniki. Akija kulazwa tena miezi hii ya karibuni, iwe hospitali ile ile au nyingine, mwonyeshe daktari hiyo karatasi kabla hajaandika sindano ya kwanza.